Rolex ya Uganda: Fahari ya taifa, mashaka kwa mchuuzi

Chapati iliyoviringishwa na mayai imekuwa nembo ya Uganda ndani na nje ya nchi. Serikali imeitangaza kwa watalii, na vijana wameiingiza katika kitabu cha rekodi za dunia. Lakini mpishi wake, anayesimama kando ya barabara kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, bado hana hakika kama kesho atalikuta jiko lake mahali alipoliacha.

Jioni inapoingia katika mtaa wa Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, majiko ya makaa huwashwa mmoja baada ya mwingine. Kijana huvunja mayai mawili katika kikombe cha plastiki, huongeza vitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, hutia chumvi kidogo, kisha huyamwaga kwenye bamba la chuma lenye mafuta ya moto. Mayai yanapoanza kushikana, huyafunika kwa chapati, huyageuza na kuyaviringisha. Kwa muda wa dakika chache mlo umekamilika, umefungwa katika karatasi au mfuko wa nailoni ambao Waganda huuita kaveera.

Mlo huo ndio rolex. Hauna uhusiano wowote na saa za kifahari za Uswisi, kampuni iliyoanzishwa mjini London mwaka 1905 kabla ya kuhamia Geneva. Jina lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, ambayo yalipotamkwa haraka na wauzaji na wateja wao yakageuka kuwa rolex. Ni mzaha uliopendwa na watu, na hatimaye ukawa jina rasmi.

Hata hivyo, nyuma ya mzaha huo kuna suala zito la kiuchumi na kisiasa. Nchi inaweza kukifanya chakula kuwa alama yake ya utambulisho bila ya kumpa anayekipika nafasi ya kisheria ya kukiuza. Hilo ndilo lililotokea Uganda, na athari zake zinafanana na zile zinazoonekana katika miji mingine ya Afrika Mashariki.

Kutoka reli hadi bweni

Chapati si chakula cha asili cha Uganda. Ililetwa Afrika Mashariki na watu kutoka Bara Hindi, wakiwemo wafanyabiashara wa pwani na maelfu ya vibarua walioajiriwa kujenga reli kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901. Jamii za Waasia zilikita mizizi katika miji kama Kampala na Jinja, ambako viwanda vya sukari na nguo vilipata umaarufu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia na kuwapa muda wa siku 90 kuondoka. Watu waliondoka, lakini chapati ilibaki, na wakati huo tayari ilikuwa imeingia mikononi mwa Waafrika wenyewe.

Masimulizi mengi yanaitaja Busoga, mkoa ulio mashariki mwa mto Nile wenye mji wa Jinja, kuwa ndiko walikotoka vijana wa mwanzo waliouza chapati na mayai kwa pamoja. Vijana hao walipohamia Kampala kutafuta riziki walikuja na ujuzi huo. Mahali walipopata wateja wa kutosha palikuwa Wandegeya.

Wakati wenyewe haukuwa wa bahati nasibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Uganda ilianza kupunguza posho za wanafunzi wa chuo kikuu, ikiwa ni sehemu ya mageuzi ya uchumi yaliyoungwa mkono na wafadhili wa kimataifa. Wanafunzi walipinga, na mwezi Desemba mwaka 1990 wawili kati yao waliuawa kwa risasi katika maandamano chuoni Makerere. Kuanzia mwaka 1992 chuo kikaanza kupokea wanafunzi wanaojilipia karo. Katika muda wa miaka kumi hivi idadi ya wanafunzi ikaongezeka zaidi ya mara mbili, wengi wao wakiishi katika vyumba vya kupanga nje ya chuo, bila ya bwalo la chakula na bila ya fedha za kutosha.

Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, rolex ilikuwa jibu. Ni chakula cha moto, kinashibisha, hakihitaji sahani wala meza, na kinapatikana saa ambayo mikahawa imefungwa. Kwa maneno mengine, rolex ilizaliwa pale serikali ilipojitoa katika jukumu la kuwalisha wasomi wake, na nafasi hiyo ikazibwa na kijana asiye na ajira rasmi na jiko la makaa.

Serikali yagundua hazina

Kwa miaka mingi rolex ilihesabiwa kuwa chakula cha watu wasiokuwa na kitu, pamoja na ndugu yake aitwaye kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kuchanganywa na maharage. Mwanamuziki Bobi Wine, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa upinzani, aliwahi kutoa wimbo wenye jina hilo la Kikomando, jambo linaloonyesha jinsi vyakula hivyo vilivyofungamana na maisha ya vijana wa mitaa ya wanyonge.

Mambo yalibadilika mwaka 2016. Mwezi Agosti mwaka huo lilifanyika mjini Kampala tamasha la kwanza la rolex, na Waziri wa Nchi wa Utalii wa wakati huo, Godfrey Kiwanda, akajitokeza hadharani kuipigia debe kama kivutio cha utalii. Uganda, nchi ambayo kwa kawaida huwavutia wageni kwa sokwe wa milimani na chanzo cha mto Nile, ikaongeza chapati na mayai katika orodha yake.

Mwaka 2021 sifa hizo zilifika mbali zaidi. Kijana anayetengeneza video za mtandaoni, Raymond Kahuma, pamoja na kundi la wapishi na wasaidizi zaidi ya 60, walipika rolex yenye uzito wa kilo 204.6 na urefu wa zaidi ya mita mbili. Walitumia mayai 1,200, unga wa ngano kilo 72 na mboga kilo 90. Shirika la Guinness liliitambua kuwa rolex kubwa kuliko zote duniani.

Ni dhahiri kwamba Waganda wengi walifurahi. Lakini itakumbukwa kuwa wakati picha za rolex hiyo zikisambaa, wachuuzi wa Kampala walikuwa katika mojawapo ya vipindi vigumu kabisa vya biashara yao.

Usiku uliofungwa

Rolex ni biashara ya jioni na usiku. Wateja wake ni wanafunzi wanaotoka kujisomea, madereva wa bodaboda, walinzi, vibarua wanaorudi nyumbani na vijana wanaotoka katika starehe. Ugonjwa wa COVID-19 ulipoingia, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 2020, kuanzia saa moja jioni. Amri hiyo ililegezwa na kukazwa kwa nyakati tofauti, lakini haikuondolewa hadi mwezi Januari mwaka 2022. Hata hapo, waendesha bodaboda waliendelea kuzuiwa kufanya kazi usiku.

Siku za mwanzo za vizuizi hivyo ziliacha kumbukumbu mbaya. Mnamo Machi 26 mwaka 2020, askari wa vikosi vya ulinzi wa mitaa walionekana wakiwachapa viboko wachuuzi katikati ya Kampala, wakiwemo wanawake waliokuwa wakiuza matunda. Picha zilisambaa, na jeshi likalazimika kuomba radhi.

Mwezi Januari mwaka 2022 ulileta ahueni na pigo kwa pamoja. Shule zilifunguliwa baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili, na usiku ukarejea. Lakini mwezi huo huo Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, ilianzisha operesheni ya kuwaondoa wachuuzi katika barabara na vibaraza vya jiji, kwa hoja kwamba wanaziba njia, wanachafua mazingira na wanawanyima haki wafanyabiashara wanaolipa kodi ya pango na leseni.

Mwezi mmoja baadaye, Februari 24, Urusi iliivamia Ukraine.

Kikaango kinachotegemea dunia

Mtu anaweza kujiuliza: vita vya Bahari Nyeusi vinamhusu nini kijana wa Wandegeya? Jibu limo ndani ya chapati yenyewe.

Uganda hulima ngano kidogo tu, hasa katika miteremko ya Mlima Elgon upande wa Sebei. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje, na kabla ya vita Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Mwezi Machi mwaka 2022 bei ya ngano katika masoko ya dunia ilipanda kwa kiwango kisichokuwa kimeonekana kabla. Mwezi uliofuata Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ikazuia kwa wiki kadhaa kuyauza nje. Uganda ina mashamba ya michikichi katika visiwa vya Kalangala, lakini mavuno yake hayatoshelezi viwanda vya nchi.

Unga na mafuta vikapanda kwa wakati mmoja. Chapati iliyozoeleka kwa shilingi 500 ikaanza kuuzwa kwa bei ya juu, katika baadhi ya maeneo hadi shilingi 1,000. Pale ambapo bei haikupanda, chapati ilipungua ukubwa.

Hapa ndipo ulipo mtego wa biashara hii. Mchuuzi hawezi kupandisha bei kwa shilingi 50 au 70 kadiri gharama zinavyopanda. Wateja wake wanaijua bei kwa moyo, na wanalipa kwa sarafu na noti chache walizonazo mfukoni. Akipandisha, hupandisha kwa mkupuo na huwapoteza baadhi yao. Asipopandisha, faida yake inaliwa na unga. Wengi huchagua njia ya tatu, nayo ni kulikanda donge la unga likawa dogo zaidi na kuongeza kabichi.

Katika hotuba ya Siku ya Wafanyakazi, Mei mosi mwaka 2022, Rais Yoweri Museveni aliwashauri wanaolalamikia ukosefu wa mkate wale muhogo. Kwa mtazamo wa kilimo ushauri huo una hoja, kwani muhogo hulimwa nchini na hautegemei meli za ng'ambo. Lakini kwa mpishi wa rolex haukuwa na msaada mkubwa. Muhogo hauviringishwi na mayai, na mteja wa saa nne za usiku hakuja kutafuta muhogo.

Nayo mayai yana siasa zake. Uganda huzalisha mayai mengi na kwa miaka mingi Kenya imekuwa soko muhimu. Mwezi Januari mwaka 2017, baada ya homa ya mafua ya ndege kugunduliwa kando ya Ziwa Victoria, Kenya ilizuia bidhaa za kuku kutoka Uganda. Mvutano wa aina hiyo ulirejea, na mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ya Uganda ikatishia kulipiza kwa kuzuia bidhaa za kilimo za Kenya. Mwezi Machi mwaka 2022 Kenya ikaweka tozo ya shilingi 72 za Kenya kwa kila trei ya mayai ya Uganda, licha ya kuwepo soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mpaka unapofungwa, mayai hujaa Kampala na bei hushuka. Kwa mchuuzi wa rolex hiyo huonekana kama neema, lakini haidumu. Mfugaji anayeuza kwa hasara huwachinja kuku wake au hupunguza chakula chao, na baada ya miezi michache mayai huadimika na kuwa ghali kuliko mwanzo.

Mwisho ni makaa. Mwezi Mei mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika maeneo ya kaskazini na kaskazini mashariki, ambako misitu ilikuwa ikiteketea kwa kasi. Ni vigumu kuibeza nia ya amri hiyo. Hata hivyo gharama ya kuilinda misitu humwangukia pia yule anayewasha jiko lake kila jioni na ambaye bado hana uwezo wa kununua mtungi wa gesi.

Kwa hiyo rolex moja hubeba ngano ya ng'ambo, mawese ya Asia, mayai yenye mgogoro wa mpakani na mkaa uliopigwa marufuku. Kila mmoja kati ya hao walioko juu yake anaweza kumhamishia mwingine mzigo. Mchuuzi ndiye wa mwisho katika mnyororo, na hana wa kumhamishia.

Je, anavunja sheria?

Mamlaka za jiji zina hoja zake, na si haki kuzipuuza. Chakula kinachopikwa kando ya mtaro, bila maji ya bomba, kinaweza kuleta maradhi. Njia za waenda kwa miguu ni haki ya kila mkazi, wakiwemo walemavu na wazee. Mwenye duka anayelipa kodi anayo sababu ya kulalamika anapozibwa mlango.

Lakini tatizo ni kwamba sheria inamtambua mchuuzi zaidi kama kero kuliko kama mfanyabiashara. Sheria ya afya ya umma ya Uganda asili yake ni mwaka 1935, enzi ya ukoloni, wakati ambapo mji ulikusudiwa kuwa makazi ya wachache na Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia. Imekuwa ikirekebishwa, lakini fikra ya kuusafisha mji kwa kuwaondoa watu bado inatawala.

Mipango ya kuwawezesha wananchi ipo. Mpango wa Emyooga ulianzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya makundi ya wenye kazi maalumu, yakiwemo ya wenye migahawa na wachuuzi wa masoko. Mpango wa maendeleo ya parokia, uliozinduliwa mwezi Februari mwaka 2022, uliahidi shilingi milioni 100 kwa kila parokia. Fedha hizo zinaweza kumnunulia kijana jiko na mifuko ya unga. Haziwezi kumnunulia mita mbili za ardhi ambazo hatafukuzwa.

Na idadi ya vijana hao haipungui. Sensa ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa Uganda ina watu wapatao milioni 45.9, na takriban nusu yao wana umri wa chini ya miaka 18. Kwa wengi wao jiko la chapati litakuwa mojawapo ya milango michache iliyo wazi, kwa sababu halihitaji cheti wala mtaji mkubwa.

Mafunzo kutoka kwa jirani na mbali

Uganda haiko peke yake. Tanzania, mwezi Desemba mwaka 2018, ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwenye nacho hakupaswa kubughudhiwa. Wamachinga walipumua, lakini barabara za Dar es Salaam zilijaa, na mwaka 2021 serikali ikaamua kuwahamishia katika maeneo maalumu. Wengi walilalamika kwamba maeneo hayo yako mbali na wateja. Funzo ni kwamba kitambulisho bila ya mahali hakitoshi, na mahali pasipo na wateja pia hapatoshi.

Zanzibar inatoa mfano wa kutia moyo zaidi, ingawa ni mdogo. Bustani ya Forodhani, ambako wapishi wa usiku huuza mishikaki, urojo na ile chapati nyembamba inayokunjwa na nyama na mayai, ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wapishi hawakufukuzwa moja kwa moja. Walirudi mahali pale pale wateja walipozoea kuwakuta, penye taa na mpangilio ulio bora.

India, nchi ilikotoka chapati, ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kuwalinda wachuuzi wa mitaani. Sheria hiyo inataka wachuuzi wahesabiwe kabla ya kuhamishwa, na kuunda kamati za miji ambamo wachuuzi wenyewe hawapungui asilimia 40 ya wajumbe. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, lakini msingi wake uko wazi: anayetafutiwa mahali ana haki ya kusema ni wapi.

Ladha ya nyumbani

Kwa Waganda wanaoishi ng'ambo, rolex imekuwa kama kadi ya utambulisho. Huandaliwa katika vyumba vya wafanyakazi wa Dubai, katika jikoni za London na katika mikusanyiko ya jamii zao nchini Marekani. Anayefanya kazi katika nchi za Ghuba huikuta hata jamaa yake: Oman huuza mkate mwembamba wa rakhal wenye yai na jibini, na migahawa ya chai ya Wahindi huviringisha mayai katika parata kwa ajili ya madereva na vibarua.

Tofauti ni kwamba muuzaji wa rakhal au parata anafanya kazi chini ya paa, kwa leseni, na mkaguzi wa afya anajua mlango wake. Hakuna kinachouzuia mji wa Kampala kumpa mpishi wa rolex mambo hayo hayo kwa gharama nafuu: bomba la maji la pamoja, taa, pipa la taka, namba ya kibanda na saa zinazojulikana za kufanya kazi. Mchuuzi aliyesajiliwa hulipa ushuru. Asiyesajiliwa hulipa pia, lakini anachokitoa hakipati risiti.

Tangu mwaka 2016 viongozi wa Uganda wamekuwa wakiikaribisha dunia ije kuionja rolex. Mgeni atakayeitikia mwito huo atapelekwa Wandegeya jioni, na ataombwa asubiri kidogo mayai yashikane. Kama atamkuta mpishi akigeuza chapati kwa utulivu, au akiwa ameubeba mtungi wa unga mkononi na macho yake yakitazama mwisho wa barabara, hilo litategemea uamuzi wa wale wale waliotuma mwaliko.